Mkono Aliouacha Bara

Mjomba wangu hana kiganja cha kulia. Nalisema hili mapema ili huko mbele ukinisikia nagombana na watu usinidhanie mwehu. Kiganja chake kilikatwa hospitali, Bara, alikokuwa askari wa mbugani, baada ya waya wa majangili kumbana alipokuwa akimtoa mtoto wa ndovu mtegoni. Hiyo ndiyo habari yake yote, haimalizi hata kikombe cha kahawa. Na huku kwetu Micheweni, juu ya mawe haya, hakuna mtu aliyeiamini tangu mie sijaota meno.

Wao waliamini nyengine. Mjomba aliondoka kijana, akapotea Bara miaka mingi, barua hakuna, salamu hakuna. Enzi hizo vijana wa Pemba walikuwa wakikimbilia Uarabuni, na siku aliyorudi yeye, boti iliyomshusha ilijaa watu waliotoka huko, na mablanketi yao mazito na masanduku yao ya kung'ara. Naye akashuka na sanduku la kung'ara, zawadi ya wenzake wa kazini, na mkono mmoja wa shati umepigwa fundo. Akapita barazani kuamkia wazee kama alivyolelewa. Pale palikuwa na mzee mmoja ambaye umri wake wote alikuwa mpima karafuu. Akamwambia afungue lile fundo. Mjomba kwa adabu yake akafungua. Mzee akaushika ule mkono, akaugeuza hivi na hivi, kama mtu anayeangalia karafuu zimekauka au bado mbichi, halafu akasema, "Mkato huu si wa mnyama, yakhe. Huu wa hakimu."

Ikawa ndiyo hukumu. Mpima karafuu hajawahi kukosea mizani, basi na hapa hakukosea. Mjomba wangu mwizi, kakatwa Uarabuni, ndovu ni hadithi ya kufunikia. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Daktari akikata huwa anakata vizuri, hilo hakuna aliyelifikiria.

Ungeniuliza ilimuumiza wapi, ningekwambia kwenye sinia. Kwetu chakula cha watu huliwa pamoja. Iwe arusi, hitma au maulidi, watu wanne watano huzunguka sinia moja la wali na kila mmoja ana upande wake, mkono wa kulia. Mjomba anakula kwa kushoto kwa sababu ndio alionao. Shehe wetu alishalisema hilo zamani, mwenye udhuru hana lawama, na watu wakaitikia naam shehe. Siku ya karamu ikifika, Mjomba akikaa kwenye sinia, mmoja anakumbuka kuwa hajatawadha, mwengine anapokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia, wa tatu anaitwa na mtu asiyeonekana. Mjomba anabaki na sinia zima, wali unafuka moshi mbele yake. Baadaye wenyewe waliona aibu kidogo, si nyingi. Wakaanza kumtengea sahani yake na kijiko, huko nyuma karibu na wapishi. Wakaita heshima. "Mpelekeeni mzee sahani yake." Nikilisikia neno hilo mpaka leo meno yananiwasha.

Na huyu si mjomba wa jina tu. Baba yangu alikwenda Unguja kutafuta kazi, akaoa huko, akatusahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Aliyenilea ni Mjomba, kaka wa mama. Alikuwa akifunga mwani ufukweni pamoja na wanawake, mkono mmoja na meno, anashika kamba kwa meno, anapitisha tawi, anakaza, na chumvi imempasua midomo. Nguo yangu ya skuli ilitoka kwenye midomo ile. Kila nikiumwa au nikililia baba, ananihadithia mtoto wa ndovu. Jinsi yeye na mwenzake walivyomkuta kwenye doria, waya umemkaa mguuni, analia kama tarumbeta mbovu. Jinsi walivyomshika kwa kamba, Mjomba akainama na koleo, mtoto akavuta, waya ukaruka ukamkamata yeye kwenye kifundo cha mkono na kuzidi kukaza kila mnyama akivuta. Jinsi mwisho ulivyokatika. "Akakimbia kwa mamake," anasema, "masikio yanapepea kama mabango." Hapo ndipo mie nalala.

Skuli sikuimaliza. Mwenzangu mmoja darasani alinyanyua kiganja akakikunja ndani ya mkono wa shati, akatembea mbele ya ubao akiomba sadaka kwa Kiarabu. Nilimtoa jino. Mwalimu akanitaka nimuombe radhi, nikamwambia nitamuomba jino lake likiota tena, nikachukua daftari zangu nikatoka na sikurudi. Kiingereza nimejifunza kwa simu na kwa watalii. Sasa nawatembeza msituni huko juu ya Konde, nawaonesha popo wetu wakubwa wenye sura za mbwa, na miti, na pwani. Lakini ukinikuta nimekaa peke yangu naangalia simu, naangalia ndovu. Najua majike ndio wanaoongoza kundi. Najua ndovu anachimba kisima kwa mguu mtoni palipokauka, na wanyama wengine wote wanakunywa nyuma yake. Najua kuna wakulima Bara wanaotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa sababu mnyama mkubwa vile anakimbia mdudu. Najua jino lake linavyong'olewa na majangili, na sikwambii, kwa sababu mie mwenyewe niliangalia mara moja tu na sikula siku ile. Watalii waliniuliza ndovu wangapi nimewaona. Nilikuwa nasema wengi. Sikuwahi kuona hata mmoja. Pemba ndovu atakula nini, karafuu?

Basi ikaja safari.

Kikundi chetu cha maulidi kilialikwa Tanga. Watu wa kule wana maulidi yao kila mwaka, na safari hii walitaka dufu la Pemba. Shehe akanipa mie kupanga ziara, maana mie ndiye ninayejua boti, mabasi na mambo ya mtandao. Siku hiyo hiyo kichwa kikanichemka. Niliangalia ramani kwenye simu, nikaona kutoka Tanga mpaka kwenye ile mbuga aliyofanya kazi Mjomba ni mwendo wa asubuhi tu. Nikajisemea, hawa watu wanataka ushahidi, nitawapeleka wakaugonge kwa vichwa.

Nilikwenda barazani nikawaambia ziara itaongezwa siku moja ya kutembelea wanyama. Nilitegemea vita. Kumbe wazee wote wakageuka watoto. Ndovu waliyemjua wao ni yule tuliyesomeshwa chuoni, wa lile jeshi lililotaka kuivunja Al-Kaaba, na kila mmoja alitaka kumuona kabla hajafa. Kazi ikawa kupanga. Nikawaambia twende kiangazi, majani yamelala na wanyama wanafuata maji. Wakakubali. Nikawaambia tukiingia ndani hakuna kushuka kwenye gari. Hapo wakanigeukia wakitaka kujua watatawadha wapi, kibla watakijuaje, na haja ndogo je, maana wengine pale kibofu kimeshachakaa. Mpima karafuu alitaka kujua kama ndovu anasikia harufu ya samaki wa kukaanga, kwa sababu yeye chakula cha Bara hali, hajui kisu kilichomchinja yule kuku kilisoma nini. Mwenye duka la vitambaa pale Konde, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, akaniazima darubini ya marehemu baba yake, na akaniapisha nisimpe mtu mwengine aishike. Nilikwenda nayo nyumbani nimeikumbatia kama mtoto.

Mjomba hakutaka kwenda. Nilimkuta ufukweni anakunja kamba. Akasema mbuga anaijua, haina kitu cha kumuonesha. Nikamwambia si wewe utakayeoneshwa, ni wao. Nikamwambia kwamba nimeshamtafuta mwenzake wa doria ya zamani, nimempata, sasa ni mkubwa pale getini, na amelia kwenye simu aliposikia jina lake. Mjomba akaendelea kukunja kamba. Mama aliingia kati, akamwambia kaka yake, nenda, angalau watu wakuone umesimama na wenzako. Mwisho akasema, "Ntakwenda. Lakini huo mdomo wako uuache hapa Micheweni."

Nikacheka. Nikamwambia nitaufungia kwenye kabati na ufunguo nitampa mama.

Maulidi ya Tanga yalikwenda vizuri, sina cha kusema, watu walitukirimu, na hata huko Mjomba aliletewa sahani yake, maana watu wetu walishatangulia kuwaambia wenyeji. Nilimuona mpima karafuu akimnong'oneza mpishi. Nikanyanyuka. Shehe akanivuta kanzu nikakaa. Nikajisemea kesho, mzee, kesho utaitapika hukumu yako.

Asubuhi tukapanda kosta mpaka getini. Yule askari alikuwa keshasimama nje anatusubiri, mtu mrefu, mvi kichwa kizima, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mjomba aliposhuka, yule bwana hakutoa mkono. Alimpigia saluti. Halafu akamshika kwa mabega, akalaza paji la uso wake juu ya lile fundo la shati, akakaa vile. Watu wangu wote wakawa wameganda kwenye ngazi ya gari, wengine mguu mmoja chini mmoja juu.

Nikamuomba awasimulie. Aliwasimulia palepale, kwa Kiswahili chake cha Bara, pole pole kama mtu anayetoa ushahidi. Doria, waya, kamba, koleo. Jinsi walivyotembea kutwa kutafuta gari na mkono unabadilika rangi. Jinsi daktari alivyosema nyama imeshakufa. Jinsi yeye mwenyewe alivyotia saini, kwa sababu mwenye mkono hakuwa na mkono wa kushika kalamu. Alimaliza na mguu wa mtoto kutoka kwenye kamba, akasema basi hivyo. Mpima karafuu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikamwendea karibu kabisa, nikamuuliza taratibu, kwa adabu zote, "Mzee, hakimu ndo huyu?"

Shehe akanitizama jicho la kuniua. Lakini wallahi pale nilikuwa nimeshiba. Kama ningewapandisha kwenye ile kosta palepale nikageuza kurudi Pemba, leo ningekuwa na hadithi nyengine ya kukupa.

Tukaingia. Yule askari akakaa mbele na dereva, Mjomba nyuma yake dirishani, mie nimesimama katikati na darubini shingoni. Na hapa lazima niseme ukweli, nilichokuwa nakijua kwa simu kilikuwa si kitu. Kwenye simu ndovu anaingia kiganjani. Tulizunguka kichaka na gari likazimwa, na nikaona ukuta wa udongo umesimama, ukuta wa nyumba ya zamani ulionyeshewa ukapasuka pasuka, halafu ukuta ukapumua. Walikuwa kundi zima wanavuka njia, majike na watoto, na hakuna mguu uliolia. Kitu kizito vile na husikii hatua yake. Ulisikia tu matumbo yao yanavyonguruma, na majani yakichanika, na harufu ikatufikia ya zizi la ng'ombe na vumbi lililopigwa na maji. Jike mkubwa akasimama akatugeukia. Akafungua masikio. Alitupima, kisha akatuona si chochote, akaendelea.

Nilitaka kusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza katika umri wangu nataka kusema na maneno hayapo. Shehe alikuwa anasoma kimya kimya, midomo inacheza. Mzee mwengine machozi yanamtoka na wala hajui. Nikamtizama Mjomba. Alikuwa ameegemeza ile ncha ya mkono kwenye kioo, na uso wake sijawahi kuuona vile, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake ya zamani anaona wengine wanakaa. Nilielewa kwa nini mtu akae porini na mvua na mbu na majangili wenye bunduki, alinde kitu ambacho hakitamjua jina. Nilielewa pale, kwa macho yangu. Sikuhitaji kusimuliwa tena.

Mpima karafuu aliniomba darubini. Nikakumbuka kiapo changu, lakini nikampa, roho yangu ilikuwa nyeupe. Akaishika juu chini kwanza, wenzake wakamcheka, wakamgeuzia. Akazungusha huku na huku akasema mbona yule wa nyuma ana kasoro. Tukaangalia. Nyuma ya kundi alikuwepo ndovu mmoja mkonga wake umekatika nusu. Mwengine anakunja majani kwa mkonga anatia mdomoni, yeye anajaribu, ile ncha fupi inapapasa haifiki, halafu anapiga magoti kama ng'ombe na kung'ata majani ya chini kwa mdomo. Askari akasema ni waya huo, waya ule ule, na wengi wa namna hiyo hawaishi. Huyu amejifundisha mwenyewe kupiga magoti. Nikamuuliza kama wenzake wanamlisha, maana niliwahi kusikia hivyo. Akasema hajawahi kuona. Wanamsubiri tu wakivuka.

Mpima karafuu akashusha darubini. Hiki ninachokwambia kilitoka kwake bila hata kufikiri, naamini hivyo, kilitoka kama kikohozi, kwa miaka aliyokizoea. Akasema, "Na huyo naye kaiba nini?"

Na wakacheka. Gari zima, watu waliomsikia askari pale getini kwa masikio yao. Mmoja akajifunika mdomo na kofia mabega yanatetemeka. Shehe mwenyewe aliuma mdomo, nilimuona. Yule askari aligeuka nyuma haelewi wanacheka nini. Mjomba aliendelea kuangalia nje.

Damu ilinipanda mpaka sikuona. Nikamnyang'anya yule mzee darubini, nikamwambia asikilize na anisikie vizuri. Nikasema huyo anayemcheka, kama si mkono wa mjomba wangu, leo angekuwa mifupa. Nikasema kuna mtu alitoa mkono wake ili mnyama kama yule atembee, na kuna watu hawajawahi kutoa hata ukucha, kazi yao kupima tu cha wenzao. Nikasema mtoto yule aliyeokolewa sasa ni mkubwa, yumo humu humu, labda ni mmoja wa hawa waliopita mbele yenu, labda ni jike lile lililokutizameni likakuoneni si watu. Nikamgeukia Mjomba mbele ya wote, nikamwambia, "Waambie, Mjomba. Waoneshe ni yupi."

Mjomba hakugeuka. Nikamwambia yule askari, basi sema wewe, unawajua wote hawa. Yule askari akatizama usukani wa dereva.

"Kaa," Mjomba akasema.

"Waoneshe."

"Hakuna wa kumuonesha. Yule kafa."

Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeambia bei ya samaki. Akasema alichomoka kwenye kamba na kipande cha waya kikabaki mguuni, koleo halikuwahi. Walimkuta baadaye karibu na maji, mamake amemfunika na matawi, na huyu mwenzake alikuja kumwambia hospitali. Yeye Mjomba alikuwa keshakatwa mkono tayari.

Nikamwambia ulinihadithia alikimbia kwa mamake. Nilisema hivyo, mbele yao, mtu mzima, kama mtoto anayedai kitu alichoahidiwa.

Akasema, "Ulikuwa mtoto, unalia. Ulitaka nikwambie nini?"

Hakuna aliyecheka tena. Ningependa wangecheka. Mpima karafuu alikohoa, akavua kofia akaiweka gotini, akasema kwa sauti ya chini sana, ya huruma kabisa, na huruma ile mie sitaisahau mpaka nazikwa, "Kumbe mkono ulikwenda bure."

Ndovu yule wa mkonga mfupi alinyanyuka kwenye magoti, akawafuata wenzake. Dereva akawasha gari.

Njia nzima ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma na darubini mapajani. Watu walimpa Mjomba maji, walimpa samaki, walimpa kiti cha kivulini ndani ya boti. Walikuwa wapole kama waliokuja kuzika. Kijijini habari ilifika kabla yetu, simu zinatembea. Kufika tu, hakuna tena mwizi. Sasa wanawake kisimani walisema maskini, kafanywa kilema na nyama ya porini, na hata hiyo nyama yenyewe ikafa. Watoto wakaanza kumwita Mzee Ndovu. Barazani wakajadiliana kama mtu aliyeiba si afadhali kidogo, maana yeye angalau alikuwa anataka kitu. Nilisikia kwa masikio yangu, nikapindua birika la kahawa, na hata kupindua kwenyewe hakukunipa raha. Walifuta miguu yao wakaniambia pole.

Nilimwendea Mjomba ufukweni. Nilimwambia wale wengine niliowaona mie wako hai kwa sababu ya watu kama yeye na mwenzake, waliotoa nyaya zote zile tusizozijua, na kwamba sijali mmoja alikufa. Nilimaanisha, mpaka leo namaanisha. Alinisikiliza mpaka mwisho na kamba iko kwenye meno. Akaitoa. Akasema kule getini kulikuwa kunatosha. Akairudisha kamba mdomoni, akaendelea na tawi jengine.

Mwezi ule ule mpima karafuu akaozesha mjukuu wake. Pilau la ng'ombe, masinia yamejaa ua zima mpaka njiani. Nilikuwa nagawa maji ya kunawa, na kwa mazoea nikaangalia kule nyuma kwa wapishi, sahani ya Mjomba iko palepale, na kijiko chake juu. Naye akaingia, akaamkia watu, akashika njia ya kwenda kwenye sahani yake.

Mpima karafuu akasimama. Mzee wa watu, magoti yake yanalia, lakini alisimama, na ua lote likamuona. Akasogea kwenye sinia lake, akapanga nafasi kwa kiganja, akaita. "Njoo, yakhe. Kaa hapa na mie. Twajua sasa hukuiba."

Nilishika birika la maji nikasahau kulimimina. Hiki ndicho nilichokitaka tangu skuli, tangu lile jino. Nilikuwa nakitaka kuliko mke, kuliko nyumba. Wote waliokuwepo kwenye lile sinia walikuwa wamesogea, nafasi iko wazi, wali wa upande wake haujaguswa. Shehe alikuwa anatabasamu.

Mjomba alisimama akaiangalia ile nafasi. Akamwambia, "Ahsante, mzee. Kula tu. Mie sahani yangu nimeshaizoea, tena wapishi wananiwekea mnofu."

Mkono wa mpima karafuu ulibaki pale juu ya jamvi, kwenye nafasi aliyoitengeza. Hakujua aurudishe vipi. Mwisho akauingiza kwenye wali na kuanza kula, na wenzake wakamfuata. Ile nafasi haikukaliwa na mtu mpaka sinia limeondolewa.

Mie nilitua birika. Nilikwenda nyuma kwa wapishi nikachutama mbele ya Mjomba, nikakunja mkono wa kanzu, nikanyoosha kidole kwenye pilau lake. Nilitaka tule wawili, watu waone, wasonye. Alinigonga kiganja na mgongo wa kijiko. Kiliuma, maana alikigonga kweli.

"Wewe nenda kale na watu," akasema. "Sahani hii ya mtu mmoja."

Nikanyanyuka. Masinia yote yalikuwa yameshajaa watu, kila upande una mwenyewe, isipokuwa ile nafasi moja kwa mpima karafuu, na pale nisingekaa hata ningekufa njaa. Mpishi mmoja alinihurumia akanipa ukoko kwenye mfuniko wa sufuria. Niliula nimesimama, mgongo kwenye ukuta, namuangalia Mjomba wangu anavyochota kwa kushoto, taratibu, mnofu baada ya mnofu, mpaka akaisafisha.